Mfumo Usiotunza Bila Kuagizwa

Kompyuta yangu mpakato ina kumbukumbu ya megabaiti 512 tu. Mifumo endeshi mikubwa ya leo haienei humo. Ndani yake nimeweka daftari la maneno ya uvuvi ya Kindamba, niliyoyaandika hapa Ifakara kwa kuwasikiliza wazee wa Mto Kilombero: majina ya samaki, ya mitego, ya sehemu za mtumbwi. Baadhi ya wazee hao wamekwisha kututangulia mbele ya haki. Kwa hiyo kompyuta ilipoanza kukwama, sikuhofia chombo, nilihofia maneno.

Ndipo nikajaribu Tiny Core, mmojawapo wa mifumo midogo kabisa ya jamii ya Linux. Toleo lake lenye madirisha halifikii megabaiti 30. Lilipowaka nikaona aikoni chache tu na mahali pa kuandikia amri. Hakuna kivinjari cha intaneti, hakuna programu ya ofisi. Ukitaka kitu, kiongeze mwenyewe. Nikamkumbuka mvuvi wa Kilombero, ambaye mtumbwini hupakia kasia, pondo, nyavu na kopo la kukumbia maji, basi.

Lakini wepesi huo una sharti. Tiny Core huendeshwa ndani ya kumbukumbu ya muda. Ukiizima bila kuagiza hifadhi, uliyoyaandika humo hutoweka. Nami betri yangu imechoka, na umeme hukatika bila hodi. Amri ya kuhifadhi, filetool.sh -b, nikajifunza kabla ya nyingine zote. Sasa daftari limo katika flashi mbili.

Amri hizo zimetokana na Kiingereza. Hata hivyo Kiswahili kimekwisha kuingia katika programu huria: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kindamba bado kinangoja zamu yake.

Nionavyo, lugha ndogo zafanana na mfumo huu. Hukaa katika kumbukumbu za watu walio hai, wala hazibaki baada yao pasipo mtu kuagiza zihifadhiwe. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Nawe msomaji, ikiwa una bibi au babu anayekijua vyema kilugha chenu, chukua kalamu ukamsikilize angali yupo.