Kutoka Rhonda Kwenda Yabelo: Matayarisho ya Safari ya Kaskazini

Mtaa wa Rhonda uko upande wa magharibi wa Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Disemba 2021, na si mbali na uzio wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Mgeni atokaye Pwani hushangazwa kwanza na baridi ya alfajiri, kwani hapa ni zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kisha hushangazwa na mitungi. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ile inayowaachia watoto meno ya rangi ya hudhurungi, kwa hivyo maji ya kunywa hununuliwa kando na maji ya kufulia, na kila mama mwenye nyumba huyajua yake kwa kikombe. Katika nyumba niliyofikia, elimu hiyo ya mtungi ndiyo iliyoongoza matayarisho ya safari ndefu kuliko zote ambazo watu wake wamewahi kuikusudia.

Nyumba hiyo ni ya dada yangu, aliyeolewa katika ukoo wa Kiborana. Mama mkwe wake, ambaye wajukuu humwita Akko, yaani nyanya, amepita umri wa miaka 70 na anajidunga insulini asubuhi na jioni. Dada yake mkubwa anaishi Yabelo, kusini mwa Ethiopia, na sasa hatoki kitandani. Tangu habari hiyo ifike, Akko hakuuliza kama atasafiri. Aliuliza siku gani. Wanawe walimtajia joto, umbali na ugonjwa wake. Akawasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza tena siku.

Njia yenyewe hupanda kwanza Nyahururu kwenye baridi, ikafika Nanyuki chini ya Mlima Kenya, kisha ikateremka Isiolo, ambako hewa hubadilika kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni kama kilomita 500 za lami. Wenye umri wa makamo wanakumbuka njia hiyo kabla ya lami: watu juu ya malori, wakati mwingine juu ya ng'ombe, misafara ikisindikizwa na polisi, siku mbili au tatu za vumbi. Leo basi huimaliza kwa siku moja. Lakini lami haikuliondoa jangwa. Baada ya Mto Ewaso Nyiro pale Archers Post, vituo huachana mbali, na kati ya Marsabit na Turbi iko Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi ya volkano na upepo usiokoma, ambapo gari likiharibika hakuna kivuli ila cha gari lenyewe.

Shemeji yangu alitaka wafike Moyale kwa siku moja. Dada alikataa, nami naona alikuwa na haki. Wao ni wanne, pamoja na mjukuu wa miaka tisa. Watalala Isiolo, kisha Marsabit, ambako mlima na msitu wake huleta ukungu na usiku wa sweta, kisha Moyale. Maji ameyapima kama anavyoyapima Rhonda: mtungi mmoja wa kunywa, mmoja wa kutawadha na kunawa, na hakuna ruhusa ya kuchota huu kwa ajili ya ule. Tarehe ameiweka baada ya mvua za masika, kwa sababu makorongo ya kaskazini, ambayo wenyeji huyaita laga, huweza kujaa kwa saa moja kutokana na mvua iliyonyesha mbali mahali ambapo msafiri hata wingu hakuliona.

Karatasi zilichukua muda kuliko maji. Ethiopia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hivyo kile kibali cha muda kinachomfikisha mtu Arusha au Kampala hakifai hapa. Kila mmoja, hata mtoto, lazima awe na pasipoti yake. Mkenya hahitaji viza. Lakini msafiri atokaye Kenya huulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nayo inatakiwa ipatikane siku 10 kabla ya kuvuka. Chanjo hii wenye umri wa zaidi ya miaka 60 hawapewi bila daktari kupima faida na hatari yake. Wasomaji wenye wazazi wazee na walikumbuke hilo kabla ya kukata tikiti. Daktari wa Akko, baada ya kumpima, aliona asichanjwe, akamwandikia barua ya msamaha. Barua hiyo imekunjwa ndani ya pasipoti, pamoja na nyingine inayoeleza kwa nini bibi huyu amebeba sindano.

Gari litabaki kwa jamaa upande wa Kenya. Ethiopia huendesha upande wa kulia, na gari la kigeni huhitaji hati za forodha na bima ya kadi ya manjano ya COMESA. Kwa kilomita 200 hivi zilizobaki, basi la wenyeji ni rahisi zaidi.

Insulini ndiyo iliyowakosesha usingizi. Chupa inayotumika hustahimili kama wiki nne nje ya friji iwapo joto halipiti nyuzi 30, na njia hii hupita nyuzi hizo mapema sana. Barafu nayo huiharibu: insulini iliyoganda hutupwa. Suluhisho walilipata sokoni kwa bei ya sahani ya pilau: vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati na kitambaa chenye maji juu. Maji yakikauka hubeba joto na kuondoka nalo. Kwetu Mombasa, hewa ikiwa imejaa unyevu, chungu hiki hufanya kazi kwa uvivu; katika ukavu wa Laisamis hufanya vizuri zaidi. Nusu ya dawa itakaa humo miguuni pa dada, nusu nyingine katika mkoba wa mumewe ndani ya kitambaa kibichi, ili mzigo mmoja ukipotea usipotee na uhai. Tende ziko mfukoni mwa Akko mwenyewe, kwa saa ambayo sukari itashuka.

Chakula ni nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa hadi ikauka na kuhifadhiwa katika samli, na mahamri ya siku ya kwanza tu. Ng'ambo ya mpaka, Waislamu na Wakristo kila upande huchinja na kula nyama yake, kwa hivyo ni kuuliza mkahawa ni wa nani. Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Kiorthodoksi hufunga, na hapo dengu na mboga bila nyama wala siagi hupatikana karibu kila mahali.

Kwa sala, wasafiri hawa watapunguza na kukusanya. Dada amefunga mswala na buibui la pili juu kabisa ya mizigo, kwani si kila msikiti wa njiani una mahali pa wanawake. Aliniuliza pia juu ya kutayamamu pale Dida Galgalu, na nikamkumbusha kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi hutakiwa udongo wenye vumbi. Jiwe tupu halitoshi. Ameongeza kopo moja katika mtungi wa pili.

Jambo moja litawapa raha. Wahabeshi huhesabu saa kama Waswahili, kuanzia mapambazuko, kwa hivyo akiambiwa basi la Yabelo huondoka saa kumi na mbili, ataelewa bila kutafsiriwa. Tarehe ndiyo ya kuangalia, maana kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Tikiti isomwe mara mbili.

Nilipoondoka Rhonda, mizigo ilikuwa imepimwa na kupunguzwa. Akko alikubali kuacha blanketi na sufuria. Alichokataa kutoa ni kilo mbili za majani ya chai ya Kericho, alizosema ndizo dada yake aliziomba kwa simu.