Walifuta Pointi Zangu Bila Kuniita



Wapo watakaoshangaa kuona frateri anaandika habari za mchezo wa kwenye simu katika jarida hili. Mnivumilie. Mchezo wenyewe ni sataranji, au chesi kama vijana wanavyouita, nami nimeucheza mtandaoni kwa miaka mitatu, tangu mwaka wangu wa kichungaji parokiani. Mwezi wa saba mwaka jana, wakati wa likizo, tovuti niliyokuwa nachezea ilifuta takwimu zangu zote. Mechi 2,314, za kushinda, za sare na za kufungwa, zote zikawa sifuri. Pointi zangu zilizokuwa 1,780 zikarudishwa 1,200, pale anapoanzia mtu aliyejiandikisha leo asubuhi. Chini ya jina langu ikawekwa sentensi moja inayosema kwamba akaunti hii imekiuka kanuni za uchezaji wa haki.

Sikuzikiuka. Nalisema mapema ili msomaji asikae akisubiri nikiri jambo mwishoni.

Kwa asiyeujua mchezo huu, pointi hizo si mapambo. Aliyebuni hesabu yake ni Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette, chuo cha Wayesuiti kule Milwaukee, Marekani. Shirikisho la Sataranji la Dunia liliipokea hesabu yake mwaka 1970, na tovuti nyingi leo zinatumia hesabu hiyo au ya jamii yake. Wazo ni rahisi. Ukimshinda mtu mwenye nguvu kuliko wewe, unapata pointi nyingi. Ukimshinda dhaifu, unapata kidogo sana, na yeye akikushinda wewe unapoteza nyingi. Anayekuzidi kwa pointi 400 anatarajiwa kupata ushindi 10 katika kila mechi 11. Mtaona hapa chini kwa nini naitaja namba hiyo.

Parokiani kulikuwa na kifaa kimoja cha intaneti, ofisini kwa karani. Kila Jumamosi, baada ya mazoezi ya watumishi wa altare, vijana kama tisa walikaa barazani pa ukumbi wakiwa na simu za wazazi wao, nami nikawafundisha. Paroko alituruhusu saa moja tu. Alipenda kututajia Carlo Acutis, kijana aliyetangazwa mtakatifu Septemba 7, 2025, ambaye alipenda michezo ya kompyuta lakini alijiwekea mpaka wa saa moja kwa wiki. Vijana walinung'unika kwamba mtakatifu huyo alikuwa na mashine yake mwenyewe nyumbani, hakuwa akisubiri simu ya mama irudi kutoka sokoni. Hoja yao ilikuwa na nguvu, lakini paroko hakubadili saa.

Tovuti inapomwadhibu mchezaji, huwarudishia pointi wale waliofungwa naye, na huwatumia ujumbe. Vijana wangu wote waliupata jioni moja. Uliwaambia kwamba mmoja wa wapinzani wao amebainika kukiuka kanuni, kwa hiyo wamerudishiwa pointi zao. Jina halikutajwa, lakini halikuhitajika, maana aliyekuwa akiwafunga wote tisa ni mmoja. Jumapili, baada ya Misa ya pili, mtumishi wa altare mmoja wa kidato cha pili alinifuata nyuma ya sakristia.

"Shikamoo Frateri."

"Marahaba."

Akatazama viatu vyake kwa muda. "Kwani Frateri ulikuwa unatumia programu?"

Nilimjibu kwamba sikutumia. Akasema, "Sawa, Frateri," kwa ile sauti ya mtoto aliyefundishwa kutobishana na wakubwa. Sikujua kama ameniamini, wala sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba pointi zilikuwa hasara ndogo. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa inakataza kuliharibu isivyo halali jina jema la mtu. Nilikuwa nimeisoma darasani na kuijibia mtihani.

Kilichotokea naweza kukikisia vizuri, kwa sababu masharti ya tovuti yanakataza akaunti zinazolishana pointi, yaani mtu kufungua akaunti nyingi za bandia ili ajifungie mwenyewe. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Ndiyo maana kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kifaa cha parokia hufanya vivyo hivyo kwa udogo. Kwa hiyo, ukiwa mbali, unachokiona ni anwani moja, akaunti kumi, saa ileile kila Jumamosi, na akaunti moja inazifunga nyingine tisa. Mashine haikuliona baraza. Haikumwona mama wa mtu anayekuja kudai simu yake katikati ya mechi.

Nilijaza fomu ya rufaa. Ilikuwa na nafasi ya herufi 500, nami nikazitumia zote. Niliwaeleza habari ya kifaa kimoja na watoto tisa, kisha nikaweka hesabu. Kati ya mechi zangu, 140 nilicheza na vijana hao, ambao kwa wastani niliwazidi kwa pointi kama 400. Nilishinda 126, wakanifunga 14. Mechi yenye uzito wa pointi 20 huniletea pointi 1.8 nikimshinda mtu wa namna hiyo, na huninyang'anya 18.2 nikifungwa. Jumla ya faida ni pointi 226.8, jumla ya hasara ni 254.8. Kwa kifupi, watoto wale walinila pointi 28. Kama ni wizi, basi mwizi alitoka na mfuko mwepesi kuliko alioingia nao.

Jibu lilikuja kabla dakika haijaisha. Lilisema kwamba shauri langu limepitiwa upya kwa makini, kwamba hawawezi kutoa maelezo zaidi, na kwamba uamuzi ni wa mwisho.

Sipendi kuwaonea wenye tovuti. Programu ya bure kwenye simu ya kawaida leo inacheza vizuri kuliko bingwa yeyote wa dunia, na tangu kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda Garry Kasparov mjini New York mwaka 1997 hakuna anayelishangaa hilo. Wadanganyifu ni wengi, mechi ni nyingi mno kwa macho ya watu, na mbinu za kuwanasa zikitangazwa zote, wadanganyifu watakuwa wa kwanza kuzisoma. Hayo nayakubali. Lakini kuficha namna unavyomnasa mtu ni jambo moja, na kumficha shtaka lake ni jingine. Polisi hahitaji kunionyesha alipojificha ili kuniambia nimekamatwa kwa kosa gani.

Nilirudi seminarini na jambo hili moyoni, na muhula huo tukafika kwenye kanuni za 50 na 51. Zamani nilidhani hizi ni kanuni za makaratasi. Ya kwanza inamtaka mwenye mamlaka, kabla ya kutoa dikrii inayomhusu mtu fulani, atafute taarifa na ushahidi unaohitajika, na kadiri inavyowezekana awasikilize wale ambao haki zao zaweza kuumizwa. Ya pili inataka dikrii iwe ya maandishi, na kama ni ya uamuzi, sababu zake zitajwe walau kwa kifupi. Mwalimu wetu alitilia mkazo neno hilo "walau". Kanisa linajua kwamba pengine si kila kitu kinaweza kusemwa. Ila halikubali kwamba hakuna kinachoweza kusemwa.

Alitueleza pia kwamba wanasheria wa Kanisa wa karne ya 12 waliutafuta mwanzo wa utaratibu huu wakaupata mbali sana. Paucapalea, mmoja wa wafafanuzi wa kwanza wa mkusanyo wa Gratian, alisema utaratibu wa hukumu ulianzia bustanini. Mungu alijua kila kitu, hata hivyo alimwita Adamu, akamuuliza, na Adamu akapata nafasi ya kujitetea, utetezi mbaya kweli, wa kumsingizia mke. Hawa naye aliulizwa. (Nyoka peke yake hakuulizwa. Nilimwuliza mwalimu kwa nini, akanipa kazi ya kuandika.) Ikiwa Mwenye kujua yote aliita kwanza, mashine inayojua anwani moja ya intaneti ingeweza kuita pia.

Na sataranji yenyewe ina kesi yake katika historia yetu. Katika karne ya 11, Mtakatifu Petro Damiani alimkemea askofu wa Firenze kwa kucheza sataranji akiwa safarini. Askofu alijitetea kwamba sataranji ni kitu kimoja na dado za kamari ni kingine. Utetezi wake haukukubaliwa. Alipewa kitubio cha kusali Zaburi zote mara tatu, na kuwaosha miguu maskini 12 na kuwapa sadaka. Mimi naona askofu alikuwa na hoja nzuri kuliko mtakatifu, na Kanisa la baadaye halikuendelea kuuona mchezo huu kwa jicho lile. Lakini angalieni kwamba alielezwa kosa, alijibu, jibu lake likajibiwa, na adhabu yake ilikuwa na mwisho. Zaburi ya 150 mara ya tatu, miguu ya maskini wa kumi na mbili, basi, anarudi kuwa askofu wa Firenze.

Najua kampuni ya michezo si Kanisa, na kanuni zetu haziifungi. Sheria za nchi nazo zimeanza kuyagusa haya. Ulaya ina kanuni zake zilizoanza kutumika Mei 25, 2018, Kenya ina sheria ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinazungumzia uamuzi unaofanywa na mashine peke yake juu ya mtu. Zimewekwa hasa kwa ajili ya mambo mazito kama mikopo na ajira, na sidhani hakimu angenipa hata dakika tano kwa ajili ya pointi 580 za sataranji. Sikuenda popote.

Kilichonikaa zaidi ni neno lenyewe, kufuta. Sisi tunalitumia kila siku katika Sakramenti ya Kitubio, na nilikuwa silitazami. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika sehemu ya tatu ya Summa, swali la 89, anauliza matendo mema yanakuwaje mtu akianguka katika dhambi ya mauti kisha akatubu. Anajibu kwamba mema yaliyotendwa katika upendo yaliuawa na dhambi kwa maana ya kuzuiwa yasimfikishe uzimani, lakini hayakupotea mbele za Mungu, na toba inapoondoa kizuizi yanahuishwa. Kinachofutwa kitubioni ni deni. Akiba inarudi. Mzee aliyesali rozari miaka arobaini, akaanguka mwaka mmoja, kisha akarudi, haanzii 1,200.

Nasi parokiani tunafuta vipi? Nitasimulia moja. Likizo iliyofuata, kundi la WhatsApp la vijana wa parokia lilichemka usiku mmoja. Fedha za safari ya hija hazikutimia, na mwenyekiti akaandika kwamba mweka hazina ameondolewa kuanzia sasa na ametolewa kwenye kundi. Dada huyo alikuwa ameshika daftari miaka minne. Zikafuata alama za dole gumba, nikahesabu 31. Watu walioazima kwake nauli walikuwa wa kwanza kuweka dole. Ilipofika karibu saa nne, yule mtumishi wa altare wa kidato cha pili, sasa kidato cha tatu, ambaye kwa kawaida huandika mambo ya mpira tu, akaandika maneno mawili: "Dada kaitwa?"

Hakuna aliyejibu kwa muda. Mwenyekiti akamwambia mambo haya ni ya wakubwa. Mtoto akaandika tena, kwa heshima, "Samahani kaka. Nauliza tu kama kaitwa." Nami nikaandika kwamba ningependa kujua pia.

Aliitwa Jumapili iliyofuata, akaja na daftari na bahasha ya stakabadhi. Kikao kilichukua saa mbili na nusu, tena kabla ya chakula. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imelipwa kama malipo ya awali ya basi, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyesaini, akasahau. Shilingi 35,000 hazikuonekana popote. Dada alisema hawezi kuzieleza, akakubali kuzirudisha kwa awamu mbili, na kikao kikaamua daftari lishikwe na watu wawili, yeye akiwa mmoja wao. Awamu ya kwanza ameshalipa. Vijana tisa wa barazani siku hizi wanachezea ubao wa mbao aliowachongea fundi wa parokia, na pointi zao wanaziandika kwenye daftari la kaunta. Nimeziangalia hesabu zao. Mmoja wao anakosea kutoa, na kila mara anakosea kwa faida yake mwenyewe. Jumamosi tutamwita.