Butura ya Saa: Kumbukumbu ya Kahororo Kuhusu Kazi ya Mwanafunzi Ughaibuni

Kibali cha kazi nje ya chuo ni ruhusa ambayo serikali ya nchi mwenyeji humpa mwanafunzi wa kigeni ili aajiriwe na mtu au kampuni isiyo sehemu ya chuo anachosoma, kwa saa zenye kikomo na kwa muda ulioandikwa katika hati yake. Kwa vijana waliokulia Kahororo, kata ya Manispaa ya Bukoba mkoani Kagera ambayo jina lake hujulikana zaidi kwa sababu ya shule ya sekondari iliyomo, dhana hiyo ilikuwa ngeni, kwani huko makwao aliyehitaji kuomba alikuwa mwenye shamba asiyepata vibarua, na hakuna aliyefikiri kwamba kijana mwenye nguvu zake angeweza kukatazwa kushika jembe. Kumbukumbu hii inafuatilia jinsi ruhusa hiyo ilivyobadilika tangu vijana wa Buhaya, nchi ya Wahaya, walipoanza kuvuka bahari kutafuta elimu, na jinsi mabadiliko hayo yalivyoonekana kutoka katika kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba ya Mhaya.

Katika kibanja, kazi na masomo havikutenganishwa na uzio wowote, kwa kuwa mtoto aliyerudi kutoka shuleni alipitia kwanza kwenye mibuni kabla ya kufungua daftari, na ada ya muhula uliofuata ilikuwa ikining'inia juu ya matawi aliyoyachuma. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, na kuagiza kwamba shule ziwe pia sehemu za uzalishaji, watu wa Kagera hawakuona jambo jipya sana, maana shamba la shule lilikuwa kibanja kilichopanuliwa na kupewa kengele. Mwanafunzi aliyetoka katika malezi hayo alijua kwamba kazi inaweza kuchosha, na inaweza hata kuwa adhabu, lakini hakuwahi kuijua kama kosa la jinai.

Hata hivyo, mila za kahawa za Kagera zilikuwa na katazo moja linalosaidia kuielewa sheria ya ughaibuni. Katazo hilo linahusu butura, neno linalotaja desturi ya kuuza kahawa ikiwa bado ua au tunda bichi juu ya mti, ambapo mnunuzi hutoa fedha kidogo mapema, kisha huja kuchukua mavuno yote yakishaiva. Viongozi wameilaani butura kwa miaka mingi kwa sababu humnyang'anya mkulima jasho lake, lakini imeendelea kuwapo, kwani mzazi mwenye mtoto anayefukuzwa shule kwa kukosa ada hawezi kusubiri ua liwe tunda. Sheria zinazowekea kikomo saa za kazi za mwanafunzi zina hoja ya namna hiyo hiyo: zinamwona kijana anayeuza saa zake wakati masomo yake yangali ua, na zinataka kumzuia asiivunje bei ya mavuno yake mwenyewe.

Wasomi wa kwanza wa Bukoba waliotafuta elimu ya juu hawakuhitaji kwenda mbali, kwa kuwa Chuo cha Makerere kilikuwa Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, na tangu mwaka 1963 hadi 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam. Mabadiliko yalianza pale Amerika ilipofunguka. Mwezi Septemba 1959 ndege iliyoandaliwa kwa juhudi za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya ilichukua wanafunzi 81, wengi wao Wakenya, na safari zilizofuata hadi mwaka 1963 zikachukua mamia ya wengine, wakiwemo vijana kutoka Tanganyika. Ufadhili ulikuwa wa kuungaunga: chuo kilitoa sehemu ya ada, ukoo na marafiki wakachanga nauli, na pengo lililobaki likategemewa kuzibwa na kazi, hasa ile ya miezi ya likizo.

Sheria ya Marekani ya wakati huo ilikuwa imekwisha kulitambua jambo hilo kwa kiasi. Tangu mwaka 1947 kanuni za uhamiaji ziliruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi kama sehemu ya mafunzo ya vitendo, na sheria ya mwaka 1952 ikamweka mwanafunzi wa masomo ya kawaida katika daraja la viza linaloitwa F-1 hadi leo. Mtu muhimu katika maisha ya mwanafunzi alikuwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni, ofisa wa chuo aliyemfahamu kwa sura, aliyejua kama amefaulu mitihani na kama ana koti la baridi, na ambaye neno lake lilikuwa na uzito mkubwa mbele ya maofisa wa uhamiaji. Kibali kilikuwa karatasi, lakini nyuma ya karatasi hiyo palikuwa na mtu aliyeweza kuelezwa mambo.

Katika miaka ya 1980 mkoa wa Kagera ulipata misukosuko mfululizo ambayo waandishi wa kanuni za Washington hawakuwa wameifikiria. Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimeacha mashamba na maduka yakiwa magofu. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata ugonjwa huo uliwaondoa watu wa umri wa kati, ambao ndio waliokuwa wakilipa ada za wengine. Shilingi nayo ikaporomoka, hivi kwamba dola moja iliyobadilishwa kwa shilingi zipatazo 17 mwaka 1985 ilifika karibu shilingi 200 mwaka 1990. Kisha, mwezi Julai 1989, mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulisitishwa, na bei ya kahawa duniani ikaanguka kwa takriban nusu. Kwa mwanafunzi aliyelipiwa na kibanja, maana ya matukio hayo mawili ya mwisho ilikuwa moja: kahawa ilileta shilingi chache, na shilingi hizo zikanunua dola chache zaidi.

Mwandishi wa kumbukumbu hii alikuwa miongoni mwa waliokutwa na hali hiyo wakiwa mbali na nyumbani, katika chuo kimoja cha kaskazini mwa Marekani alichoingia mwaka 1988. Kanuni zilimruhusu kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi hiyo, ya kupanga vitabu maktabani, ilitosha chakula tu. Kazi ya nje iliweza kuombwa baada ya mwaka mmoja wa masomo, na kwa sharti kwamba mwombaji athibitishe dhiki ya kiuchumi iliyotokana na mambo yaliyozuka bila kutarajiwa na yasiyo katika uwezo wake. Kanuni zilivyo leo hutaja mifano ya mambo hayo: kupotea kwa ufadhili au kwa kazi ya chuoni bila kosa la mwanafunzi, kuyumba kukubwa kwa thamani ya fedha, kupanda kupita kiasi kwa ada au gharama za maisha, mabadiliko yasiyotarajiwa katika hali ya mfadhili, na gharama za matibabu. Mtu wa Kagera akiisoma orodha hiyo huweza kudhani kwamba iliandikwa na jirani yake.

Jalada la ombi la mwandishi, lililotumwa mwaka 1990, lilikuwa na fomu iliyothibitishwa na ofisa wa chuo, barua ya benki kuhusu thamani ya shilingi, cheti cha kifo cha baba mdogo aliyekuwa mdhamini, na stakabadhi mbili za chama cha msingi, yaani ushirika wa ngazi ya kijiji unaonunua kahawa ya wanachama, moja ya msimu wa kabla na nyingine ya msimu wa baada ya kuanguka kwa bei. Stakabadhi hizo zilikuwa nakala za karatasi ya kaboni, zenye wino wa buluu uliokwisha kufifia, na katika safu ya aina ya zao mlikuwa na neno moja: maganda. Kwa Mhaya yeyote, kahawa ya maganda ni tunda zima lililoanikwa hadi likakauka, tayari kwa kukobolewa kiwandani. Lakini mfasiri aliyepewa kazi ya kuzitafsiri, ambaye alikijua Kiswahili cha pwani na hakuijua kahawa ya Bukoba, aliandika neno la Kiingereza lenye maana ya makapi. Jalada lilirudishwa na swali la kiungwana la kutaka kujua ni vipi familia iliyotangaza uwezo wa kulipa ada ya chuo kikuu ilitegemea kuuza takataka za kahawa. Maelezo ya kurasa mbili yalihitajika ili maganda yarudi kuwa kahawa, na wiki kumi na moja zikapita kabla ya jibu kutoka.

Swali hilo, ingawa lilichekesha, liligusa kiini cha kanuni yenyewe. Ili apate viza, mwanafunzi alitakiwa kwanza kuonyesha kwamba anao uwezo wa kujilipia, na chuo kikaandika kiasi hicho katika fomu ya I-20, ambayo ni hati ya kumpokea mwanafunzi wa kigeni. Kwa hiyo umaskini wa tangu zamani haukuweza kuwa sababu ya kuomba kazi, kwa kuwa kuukiri kulikuwa sawa na kukiri kwamba fomu ya kwanza haikuwa ya kweli. Sheria haikuihurumia familia iliyokuwa chini siku zote. Iliihurumia ile iliyoweza kuthibitisha kwamba ilikuwa juu kidogo kisha ikaanguka, na kwamba anguko lilikuja ghafla. Wazazi waliokusanya michango ya ukoo mzima ili salio la benki lionekane kwa wiki moja hawakuwa na anguko la kuonyesha, maana fedha zile zilikuwa zimekwisha kurudi kwa wenyewe.

Waliokosa namna ya kuthibitisha anguko waliangukia katika kile ambacho Watanzania wa majuu, kama nchi za ng'ambo zinavyoitwa mitaani, hukiita kubeba boksi, yaani kazi yoyote ya mikono katika maghala, viwanda, jikoni na nyumba za wazee, iwe na kibali au isiwe nacho. Sheria ya mwaka 1986 ilikuwa imemlazimu kila mwajiri wa Marekani kukagua hati za anayemwajiri, na tangu hapo neno makaratasi likapata maana mpya katika mazungumzo ya Waswahili wa huko: kuwa nayo kulimaanisha kuwa na haki ya kufanya kazi, na kutokuwa nayo kulimaanisha kwamba mwanafunzi bora wa darasa aliweza kupoteza hadhi yake ya uanafunzi kwa ajili ya zamu moja ya usiku.

Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilijaribu kulegeza kamba, likaanzisha mpango wa majaribio uliomruhusu mwanafunzi aliyemaliza mwaka mmoja kufanya kazi nje ya chuo bila kuthibitisha dhiki, ilimradi mwajiri aoneshe kwamba ametafuta wenyeji kwa siku 60 bila kuwapata. Mpango huo ulikoma mwaka 1996, na mlango ambao ulibaki wazi kwa wengi ukawa ule wa mafunzo ya vitendo, uliopangwa upya mwaka 1992 kwa kumpa mwanafunzi miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na fani yake. Wahitimu wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati waliongezewa miezi 17 mwaka 2008, na nyongeza hiyo ikawa miezi 24 mwaka 2016. Katikati ya miaka hiyo, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, taarifa za kila mwanafunzi wa kigeni zilihamishiwa katika mfumo wa kompyuta wa serikali ulioanza kutumika kwa lazima mwaka 2003. Ofisa wa chuo, aliyekuwa mshauri, akawa pia mtoa taarifa, na mambo aliyoweza kuelezwa yakapungua hadi kuenea katika visanduku vya fomu.

Nchi nyingine zilipita njia zao, lakini ukizipanga pamoja unaona sababu ambayo haisemwi sana katika dibaji za sheria. Uingereza iliondoa mwaka 1999 sharti la kuombea idhini kila kazi, ikabakiza kikomo cha saa 20 kwa wiki. Kanada, iliyokuwa na kikomo kama hicho, ilikiondoa mwezi Novemba 2022 wakati waajiri wakilia kukosa watu, ikakirudisha mwaka 2024 na kukiweka katika saa 24. Australia ilifanya vivyo hivyo kuanzia Januari 2022 hadi Juni 2023, kisha ikaweka saa 48 kwa wiki mbili. Ujerumani, nchi ambayo wamisionari wake wa Betheli waliwahi kufanya kazi Buhaya, ilipandisha mwaka 2024 siku kamili za kazi kutoka 120 hadi 140 kwa mwaka. Ikiwa kikomo kingewekwa kwa ajili ya masomo peke yake, kisingepanda na kushuka kwa kufuata mahitaji ya maghala na mikahawa, kwani ugumu wa mitihani haukubadilika kati ya mwaka 2022 na 2024.

Tanzania nayo haiko nje ya hesabu hiyo. Mwanafunzi wa kigeni anayesoma nchini huishi kwa kibali cha ukaazi cha daraja C, ambacho hakimpi ruhusa ya kuajiriwa, na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inadai kibali cha kazi kinachojitegemea. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, limerahisisha kuvuka Mutukula kwa ajili ya masomo, lakini mwanafunzi hajawa mfanyakazi kwa sababu tu amevuka bure.

Historia hii inaonyesha kwamba katika miongo saba funguo za lango zimehama kutoka kwa mshauri kwenda kwa ofisa wa serikali, kisha kwa kompyuta, ilhali dhiki inayompeleka mwanafunzi langoni haijahama. Wazee wa Kahororo walijifunza somo hilo kwa butura: mnunuzi aliweza kukamatwa na mzani wake kuchukuliwa, lakini muhula uliofuata ada ilidaiwa siku ile ile, na mibuni ilikuwa bado imechanua.