Goma: Amehama mara tatu, sasa anapima intaneti kabla ya kulipa garanti

Goma – Siku alipoenda kutazama nyumba ya kupanga katika mtaa wa Himbi, mama huyo hakuanza kwa kuuliza habari ya maji. Alisimama katikati ya chumba cha mbele na simu mbili mkononi, akatazama moja, akatazama nyingine, kisha akatoka nje kwenye kiwanja. Mwenye nyumba, mzee mpole, alimwangalia bila kusema neno.

Alikuwa na sababu. Yeye na watoto wake wanne walitoka Sake mwezi wa pili 2024, wakati vita vilikaribia. Walilala miezi mingi kwa shemeji Ndosho, kisha wakapanga Katoyi. Kazi yake ni sekretaria: anaandika barua za watu, anajaza fomu za wanafunzi kwenye intaneti, anatoa kopi. Ofisi yake ni chumba cha mbele cha nyumba anamolala. Siku isiyo na intaneti, hakuna cha kupeleka sokoni. Tena mume wake alibaki upande wa Masisi, na sauti yake hufika kwa WhatsApp tu, mara nyingi usiku, akipata mahali penye mtandao.

Kule Katoyi alikosea. Alilipa dola 120 ili kampuni moja imwekee antene juu ya mti mrefu, na forfe ya mwezi ambayo walimwambia haina mwisho. Asubuhi ilikwenda vizuri. Kuanzia saa moja jioni, jirani wote wakirudi nyumbani, hata picha moja ilikataa kufunguka, kwa sababu ile nguvu waliyomtajia ilikuwa ya kugawana. Mwezi wa nne mwenye nyumba akauza kiwanja. Kampuni ikasema antene ni yake, pesa ya kuweka hairudi, na mahali papya ni malipo mapya.

Hata hivyo aliwaita waje Himbi. Kijana fundi akapanda juu ya mabati, akashuka akitikisa kichwa.

– Mama, hapa antene haioni mulingoti wetu. Ile etaje ya jirani inaziba.

Antene za namna hiyo lazima zionane na mlingoti wa kampuni. Ukuta mmoja mrefu katikati unatosha kuharibu kila kitu. Afadhali fundi alisema kweli kabla ya kupokea pesa. Si wote wanaofanya hivyo.

Jirani wakamwambia anunue Starlink. Chombo hicho kilikatazwa nchini mwezi wa tatu 2024, kikapewa ruhusa mwezi wa tano 2025. Hakitafuti mlingoti, kinataka mbingu wazi, na ukihama unakibeba. Lakini katika kiwanja kile kuna mvoka mkubwa, na mzee hakubali ukatwe. Shida kubwa zaidi ni umeme. Sahani ya kawaida inakula zaidi ya wati 50 muda wote inapowaka, na betri yake ya sola ni ndogo. Ingezimika kabla ya usiku wa manane, saa zile zile anazongojea sauti ya mume.

Ikabaki ruta ndogo ya kutia kadi ya simu, ambayo mara nyingi haifikishi wati 15. Aliazima kadi za Vodacom, Airtel na Orange kwa jirani, akajaribu kila moja asubuhi, saa nane mchana, na saa mbili usiku. Hapo aliona jambo linalodanganya wengi: kadi moja ilionyesha alama zote zimejaa, lakini usiku haikuvuta kitu. Alama zinaonyesha nguvu ya antene, hazionyeshi ni watu wangapi wanaigawana. Kutaja kadi iliyoshinda hakutasaidia mtu, maana nyumba ya tano kutoka pale inaweza kushinda nyingine.

Kuandikisha kadi kulimchukua siku mbili, kwa kuwa kadi yake ya mchaguzi ilibaki Sake. Kijana wa kuuza alimshauri atumie jina la mtu mwingine. Alikataa, akaenda kutafuta kwanza karatasi ya kuonyesha kwamba kitambulisho kimepotea. Kadi ikifungwa siku moja, ni mwenye jina tu atakayeweza kuifungua, na katika mji huu watu wanahama sana.

Sasa ananunua mega za mwezi mmoja mmoja, ingawa za miezi mitatu ni bei nafuu. Ruta iko kwenye dirisha la chumba cha kulala, imefungwa kwa betri. Anaweza kuitia katika mfuko kwa dakika moja.

Siku ya tatu jioni, mzee mwenye nyumba alibisha hodi akiomba kode ya wifi.

– Papa, mega ni za kuhesabu, akamjibu. Lakini saa ya habari mukuye, tutasikiliza pamoja hapa.