Chewa wa Mikokoni

Msimu wa Babu ulikuwa kaskazi. Miezi ile ya joto, Desemba hadi Machi, hori yetu ya Mikindani, Mombasa, ilitulia na kutakata, ukiinama mtumbwini unamwona chaa akipita chini. Maji mafu hakuyataka. Alingoja bamvua, na maji yakianza kujaa akausukuma mtumbwi kwa pondo mpaka kwenye mizizi ya mikoko, kwa kuwa chewa hufuata maji yanayoingia na kujibanza humo akivizia kamba. Mshipi wa nailoni aliuzungusha kwenye chupa ya soda. Chambo kilikuwa kamba hai, akimtoboa mkiani asife upesi. Chewa akimeza, umvute papo hapo. Akiwahi mizizini mshipi umekatika. Kidole cha shahada cha Babu kilikuwa na mfereji uliochimbwa na nailoni.

Nilipokwenda kufanya kazi Nyeri ndipo nikaona uvuvi wa namna nyingine. Kwenye mito ya Aberdare watu huvua trauti kwa ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, na kibali mfukoni. Samaki huyo si wa huko. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland na mlowezi Ewart Grogan mwaka 1905, akayatia mto Gura, na njia ya bara wakati huo ilikuwa hii yetu: meli hadi Mombasa, kisha reli inayopanda Changamwe. Mgeni akajengewa kituo cha kuzalishia vifaranga Kiganjo, akatungiwa sheria. Sina kinyongo naye, ni mtamu. Ila chewa, mwenyeji, alilindiwa nini?

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo wa vilima vya Rabai kupitia mto Kombeni, ukajaa horini. Tope likafukia vile vijiti ambavyo mkoko wa aina ya mchu huvitoa juu ya ardhi ili upumue, na miti ikakauka imesimama. Mingine ikakatwa kwa boriti na kuni. Nyumba zikazidi kule juu, na maji ya vyoo yakateremka moja kwa moja mikokoni. Watu hupenda kuwalaumu wavuvi na nyavu zao za macho madogo, na kweli wana lao. Lakini chewa asiye na mzizi wa kujificha ameshakwenda zake kabla wavu haujafika. Tukabaki na hongwe, ambaye Babu alikuwa akimrudisha majini kwa matusi.

Mwaka 2022 daraja la Makupa lilichukua nafasi ya tuta lililokuwa limeziba mkondo kati ya hori ya Tudor, ambayo ndiyo yetu, na Port Reitz, na maji yakaanza tena kupitana. Akina mama na vijana nao wanapanda mikoko. Kaskazi iliyopita mpwa wangu alinichukua twende, ana fimbo ya kuvulia yenye kibofyo na kamba wa plastiki aliyemwagiza kwa simu. Akapata chewa wa urefu wa kiganja, akamchomoa ndoana taratibu, akamwachia.

"Akakue kwanza, Mjomba."

Babu angemuuliza wali utaliwa na nini. Mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeshanunua omena Changamwe.