Hasemi, lakini anaelewa

Je, umewahi kupewa karatasi inayosema mtoto wako haelewi lugha, ilhali jioni hiyo hiyo ulimtuma sufuria ndogo yenye mfuniko naye akakuletea iyo hiyo?

Mimi yamenifika. Mtoto wa dada yangu alizaliwa na hali ya Down, inayotokana na kromosomu ya 21 ya ziada. Alipofika miaka saba, tulimpeleka katika shule moja hapa Nairobi ili apimwe. Mpimaji alimwekea picha nne, akataja neno kwa Kiingereza, mtoto aonyeshe picha inayolingana. Nyumbani tunazungumza Kiswahili. Mtoto alikodoa macho tu. Alipoambiwa ajieleze, alitoa maneno mawili matatu yasiyosikika vizuri. Karatasi ikaandikwa kuwa hana uwezo wa kuelewa lugha.

Linalonichoma hadi leo ni kwamba niliamini. Niliacha kumsimulia hadithi za sungura na fisi. Nikawa nazungumza mbele yake kana kwamba ni kiti.

Siku moja nilimwambia dada yangu kuwa afadhali pesa za karo zimfae mdogo wake. Mtoto aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na mkoba wa shule tuliomnunulia kabla ya kupimwa. Akaketi, akaupakata. Hakusema neno.

Naam, kimya kingi kina mshindo mkuu!

Mwalimu mmoja wa elimu maalum ndiye aliyenifungua macho. Kuelewa na kusema ni mambo mawili, na kila moja hupimwa peke yake. Wengi wenye hali ya Down huelewa mengi kuliko wanayoweza kutamka. Wengi pia wana shida ya kusikia, kwa hivyo masikio yakaguliwe kwanza. Tena, mtihani wa picha unaojulikana sana, Peabody, ulitolewa Marekani mwaka wa 1959, na viwango vyake vilitokana na watoto wa huko. Ukimpa mtoto wetu mtihani kama huo bila kuubadilisha, huenda unapima Kiingereza chake, wala si akili yake.

Alipopimwa upya kwa Kiswahili, kwa picha za jembe, kikapu na matatu, hakupata zote. Lakini alipata za kutosha kumwingiza darasani.

Ewe mzazi, usikubali karatasi moja ikufungie mlango. Vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum vilianza mwaka wa 1984; viulizie. Omba mtoto apimwe kwa lugha ya nyumbani, aruhusiwe kujibu kwa kidole. Nenda na daftari ulimoandika anayoyafuata kila siku.

Na usiku, msimulie hadithi. Wangu nikikosea mahali fisi anaponaswa, hunivuta mkono nirudie.