Kasoro Iliyofichwa Ndani ya Silinda

Mashine ya boti ya mipigo miwili hupata oili iliyochanganywa na petroli. Nyingi hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Ukipunja kipimo, pistoni huikwaruza silinda, na mashine hukwama ungali baharini.

Mimi yangu huitengeneza mwenyewe. Hufungua kichwa cha silinda, nikapapasa ndani kwa ukucha. Alumini ya pistoni iliyogandia kidogo huondoka. Lakini mfuo unaonasa ukucha hautaki msasa, wataka silinda ichongwe na itiwe pistoni kubwa zaidi. Kisha hutazama mpira wa pampu ya maji, kwani mashine isiyopozwa itaungua tena.

Hapo ndipo nafsi inaponong'ona: "Funga tu, itawaka." Naam, itawaka. Lakini abiria haoni ndani ya silinda. Waona wewe na Mola wako. Kujitengenezea si aibu, ni kujitegemea. Ila usifunge boliti juu ya kasoro uliyoiona, kisha ukapakia watoto wa watu. Roho zao ni amana mikononi mwako.